Umisheni wa Moravian: safari ya miaka 300 iliyofika Dar es Salaam

Kuanzia tarehe 13 hadi 25 Agosti 1995, wajumbe wa Kanisa la Moravian kutoka pande zote za dunia walikaa Dar es Salaam katika sinodi kuu ya kanisa lao. Sinodi hiyo hukutana kila baada ya miaka saba, na uamuzi wake huwafunga Wamoravian wote popote walipo. Hapa ndipo walipopitisha tamko la msingi wa imani yao. Mmoravian wa Alaska, wa pwani ya Nikaragua au wa Suriname akitaka kujua kanisa lake linasimamia nini, anasoma maneno yaliyopitishwa katika jiji letu.

Ninafanya kazi katika maktaba inayotunza nyaraka za makanisa hapa jijini. Wanafunzi wanaokuja kusoma kwetu huuliza kanisa lililoanza na watu wachache katika kijiji cha Ujerumani liliwezaje kuwa na waumini wengi zaidi Tanzania kuliko nchi nyingine yoyote, Ujerumani yenyewe ikiwemo. Jibu la haraka ni kuwataja wamisionari. Si uongo, ila ni nusu ya habari. Ukizisoma nyaraka kwa utulivu unaona kwamba kazi hii ilienda mbali pale tu ilipopata wenyeji walioifanya kuwa yao, na mara nyingine wenyeji hao ndio walioianzisha.

Mizizi ya kanisa hili iko Bohemia na Moravia, katika Jamhuri ya Cheki ya leo. Jan Hus, padri na mwalimu wa chuo kikuu cha Praha, alichomwa moto mwaka 1415 kwa kupinga mambo aliyoyaona maovu ndani ya kanisa. Waliofuata mafundisho yake waliunda udugu wao mwaka 1457, wakateswa kwa vizazi vingi. Mwaka 1722 wakimbizi wachache walivuka mpaka wakaingia Saxony, katika ardhi ya kabaila kijana aliyeitwa Nikolaus Ludwig von Zinzendorf. Kijiji walichokijenga wakakiita Herrnhut.

Miaka tisa baadaye Zinzendorf alikwenda Copenhagen kwenye sherehe za kutawazwa kwa mfalme wa Denmark. Huko alikutana na mtu mweusi aliyeitwa Anthony Ulrich, mtumwa kutoka kisiwa cha St. Thomas katika Karibi, kilichokuwa koloni la Denmark. Anthony alimsimulia jinsi watumwa wanavyoishi katika mashamba ya miwa, akamweleza habari za dada yake, Anna, aliyetamani kumjua Mungu na hakuwa na wa kumfundisha. Kisha akaenda Herrnhut akayasema hayo mwenyewe mbele ya watu. Vitabu vingi vya umisheni humtaja katika sentensi moja na kupita. Mimi naona hapo ndipo mahali pa kusimama, kwa sababu kazi nzima ya Wamoravian ng'ambo ilianza kwa ombi la mtu mwenye asili ya Afrika aliyekuwa utumwani. Yeye ndiye aliyewaita.

Tarehe 21 Agosti 1732 watu wawili waliondoka Herrnhut: Leonard Dober, mfinyanzi, na David Nitschmann, seremala. Kijiji chenyewe kilikuwa na watu wapatao 600. Hawakuwa mapadri waliosomea, na walitakiwa kujilisha kwa kazi za mikono yao. Mwaka uliofuata wengine walikwenda Greenland, kisha Suriname, na mwaka 1737 Georg Schmidt akafika Afrika Kusini. Zinzendorf alipofariki mwaka 1760, zaidi ya watu 200 walikuwa wameshatumwa. Kwa kanisa lenye ukubwa ule, hakuna Waprotestanti wengine wa wakati huo waliofanya jambo linalokaribia hilo.

Lakini historia ya St. Thomas ina upande unaouma, nao haufai kufunikwa. Mwaka 1738 Wamoravian walinunua shamba katika kisiwa kile, na shamba hilo lilifanyiwa kazi na watumwa. Watu waliokuja kuwahubiria watumwa wakawa wamiliki wa watumwa, na hali hiyo ikadumu vizazi kadhaa. Utumwa katika visiwa vya Denmark ulikoma mwaka 1848. Kisiwani humohumo alikuwapo Rebecca, mwanamke mweusi aliyekuwa huru, aliyetembea kutoka shamba hadi shamba usiku akiwafundisha wanawake watumwa. Alitiwa pia gerezani. Baadaye alivuka bahari hadi Ujerumani, akawekewa mikono kuwa shemasi mwaka 1746, na akamalizia maisha yake akifundisha watoto katika pwani ya Ghana ya leo, alikofariki mwaka 1780. Ukiniuliza ni nani aliyebeba umisheni ule mgongoni, nitamtaja Rebecca kabla ya Zinzendorf.

Athari hizo hazikubaki ndani ya kanisa moja. Mwaka 1736 John Wesley, kasisi wa Kianglikana, alikuwa melini kuelekea Georgia pamoja na Wamoravian. Dhoruba ilipokuja Waingereza wakapiga mayowe, na Wamoravian wakaendelea kuimba. Jambo lile lilimkaa moyoni. Miaka miwili baadaye, baada ya kufundishwa na Mmoravian Peter Böhler, alipata London badiliko la moyo ambalo Wamethodisti wanaliadhimisha kila Mei 24. Mwaka 1792 William Carey aliwataja Wamoravian kama mfano alipokuwa akiwahimiza Wabaptisti wa Uingereza kutuma wamisionari. Mwaka 1795 ikaundwa Jumuiya ya Misioni ya London, ile iliyomtuma David Livingstone Afrika. Na hotuba ya Livingstone pale Cambridge mwaka 1857 ndiyo iliyozaa misheni ya Kianglikana ya vyuo vikuu vya Uingereza (UMCA) iliyohamia Zanzibar mwaka 1864 na kujenga Kanisa Kuu la Mkunazini palipokuwa na soko la watumwa.

Jumuiya hiyohiyo ya London ilifungua kituo Urambo katika siku za Mtemi Mirambo. Ilipoona haiwezi kuendelea nacho, mwaka 1898 ilikikabidhi kwa Wamoravian. Basi kazi iliyochochewa na mfano wa Herrnhut ikarudi mikononi mwa watu wa Herrnhut, Unyamwezini.

Kusini walikuwa wameshafika. Mwaka 1891 Theodor Meyer na wenzake watatu walipita mto Zambezi na Ziwa Nyasa wakapanda hadi Rungwe, na mmoja wao, Georg Martin, akafariki mwaka huohuo. Mtu wa kwanza kubatizwa Rungwe, mwaka 1897, alikuwa mwanamke, Fiabarema. Vituo viliongezeka: Rutenganio, Utengule, Isoko, Mbozi. Pamoja na ibada zikaja shule, useremala, ujenzi wa matofali na dawa. Zikaja pia amri nyingi: ngoma zikakatazwa, pombe ikakatazwa, na wanaume wenye wake wengi wakawekwa kando. Wapo wazee ambao hadi leo wanasimulia ndoa zilizovunjika kwa sababu hiyo, na machungu yao ni ya kweli. Ila wamisionari wote hawakuwa na mawazo mamoja. Traugott Bachmann wa Mbozi alibadilika kadiri alivyokaa na Wanyiha, akataka mila zao zipewe nafasi ndani ya kanisa.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 1916. Majeshi ya Waingereza na Wabelgiji yaliingia, na wamisionari wa Kijerumani wakakamatwa, wakawekwa kizuizini na hatimaye kurudishwa kwao. Wapresbiteri wa Kiskoti waliokuwa upande wa Malawi ya leo walisaidia kuangalia maeneo ya Rungwe, lakini wao wenyewe walikuwa wachache. Waliobaki na kazi ya kila siku walikuwa walimu wa shule za vijijini na wazee wa kanisa: ndio walioongoza ibada, kufundisha wakatekumeni (wanaojiandaa kubatizwa), kuzika wafu na kulinda mali. Mshahara haukuwapo. Wajerumani walipoanza kuruhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920, walilikuta kanisa linaendelea. Mwaka 1939 vita ikawaondoa tena, na kwa mara ya pili halikufa.

Ninasisitiza miaka hiyo kwa sababu ndiyo inayopotea kwa urahisi. Mmisionari aliandika shajara na kutuma ripoti Herrnhut kila mwaka, na huko zimetunzwa vizuri mpaka leo. Mwalimu wa kijijini aliyeendesha ushirika peke yake kuanzia 1916 aliandika kidogo, na kile alichoandika mara nyingi kimeliwa na mchwa.

Mwaka 1966 Teofilo Kisanji aliwekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza Mtanzania wa kanisa hili. Chuo kikuu cha Mbeya kinachobeba jina lake kinatokana na kanisa hilohilo. Hospitali ya Sikonge, iliyojulikana kwa kuwahudumia wenye ukoma, na ile ya Isoko wilayani Ileje zinaendelea kutibu watu wa dini zote. Wamoravian wa Tanzania nao wakatuma watu: injili yao ikavuka kwenda Zambia, Malawi, Kongo, Rwanda na Burundi.

Dar es Salaam ilipokea Umoravian kutoka bara. Hakuna mmisionari aliyetua bandarini kuuleta. Waliouleta ni watumishi wa serikali, wafanyakazi wa reli, wafanyabiashara na wanafunzi kutoka Tabora, Mbeya na Rungwe, walioanza kwa kusali majumbani kabla ya kuwa na ushirika wenye kiwanja na kengele. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na TAZARA ikaiunganisha Mbeya na jiji hili katika miaka ya 1970. Kwa historia ya kanisa hili mjini, reli hizo mbili zina uzito kuliko meli yoyote.

Anayetaka kuona alama za Herrnhut hapa jijini asianze na majengo. Azisikilize tarumbeta zikipigwa msibani, maana Wamoravian wamepiga ala hizo za shaba mazikoni tangu karne ya 18. Aende Juma la Mateso asikie habari za siku za mwisho za Yesu zikisomwa jioni baada ya jioni. Alfajiri ya Pasaka afuatane na waumini makaburini, desturi iliyoanza na vijana wa Herrnhut mwaka 1732. Kuna pia andiko la kila siku linalopatikana kwa kura na kusomwa na Wamoravian duniani kote siku moja. Kitabu chake kimechapwa kila mwaka tangu 1731. Mwaka 2024 Herrnhut iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO pamoja na miji mingine ya Wamoravian.

Urithi ulioko kwetu uko kwenye makabati ya sharika na chini ya vitanda vya wazee. Rejesta za ubatizo ndizo za kwanza kuziangalia. Kwa familia nyingi za Rungwe, Mbozi na Urambo, hizo ndizo kumbukumbu za kwanza za maandishi zenye jina la babu au bibi, na cheti cha ubatizo bado humsaidia mtu anayefuatilia cheti cha kuzaliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, akiwa mtu mzima. Hali ya hewa ya Dar es Salaam ni adui wa karatasi, kwa hiyo rejesta isikae sakafuni wala kugusa ukuta. Iwekwe katika kabati la chuma lenye kupitisha hewa. Ukurasa uliochanika usibandikwe selotepu, kwa kuwa gundi yake hugeuka njano na kula wino. Usifunikwe kwa plastiki ya kubana kwa moto pia, maana haitoki tena bila kuharibu karatasi. Piga picha kila ukurasa kwa simu, mchana, bila kuwasha flashi, na nakala zihifadhiwe mahali pawili tofauti. Nyuma ya picha za zamani andika kwa penseli majina ya waliomo, ukianza na walimu na wazee wa kanisa, kabla hawajaisha wanaowatambua.