Kirusi huvaa sukari yetu: maswali na majibu

Nikiacha kula sukari, virusi vitakosa pa kushikia?

Hapana. Naanza na swali hili kwa sababu linapotosha wengi. Sukari inayozungumziwa hapa, ile ambayo virusi huivaa na kushikwa kwayo na seli, ni minyororo midogo, yenye manosi na sukari nyingine, iliyoota juu ya protini kama manyoya. Seli huitengeneza yenyewe, hata usipoonja kitu kitamu.

Kirusi kinaipata wapi?

Kwetu. Hakina karakana yake. Kikiingia ndani ya seli huitumikisha, na protini zake huvikwa sukari humo humo. Protini ya nje ya VVU, gp120, karibu nusu ya uzito wake ni sukari. Kingamwili hupata shida kuishambulia, maana vazi hilo limeshonwa nyumbani.

Nani hulishika vazi hilo?

Vipokezi viitwavyo lektini, protini zilizochomoza juu ya seli ambazo kazi yake ni kutambua sukari. Kimoja, DC-SIGN, kilielezwa na watafiti wa Uholanzi mwaka 2000. Kinakaa kwenye seli za dendriti, walinzi wenye matawi ambao humnasa mvamizi, humvunja vipande, kisha huvipeleka kwenye tezi za limfu ili kinga ijifunze adui.

Hapo ndipo VVU hupenyeza hila. Baadhi hunaswa bila kuvunjwa, vikabebwa mpaka zilipo seli za kinga za CD4, zile zile vinazozitafuta. Virusi vya Ebola na vya dengi navyo hushika DC-SIGN.

Lakini si kila lektini huishia kumsaidia adui. Langerini, iliyo kwenye seli za Langerhans za ngozi na utando laini, huweza kuvinasa VVU na kuviharibu. Dawa ikiziba lektini zote kwa pamoja, itakuwa imemfunga mikono hata mlinzi mwema.

Mshiko huo unazuiwaje?

Sukari moja ikishikwa na kipokezi kimoja, mshiko ni hafifu na huhitaji kalsiamu. Nguvu huja kwa wingi: sukari nyingi, vipokezi vingi, vyote kwa wakati mmoja. Kwa hiyo molekuli yenye sukari moja haitoshi kuziba. Watafiti hutengeneza molekuli zenye matawi mengi, kila ncha ikiwa na kitu kinachofanana na manosi, ili zikalie vipokezi kabla kirusi hakijafika.

Njia nyingine ni kukifunika kirusi chenyewe. Grifithisini, protini ya mwani mwekundu, hung'ang'ania sukari ya VVU. Imeshajaribiwa kwa watu katika hatua za mwanzo.

Kwa hiyo kuna dawa ya kuziba DC-SIGN hospitalini?

Hapana. Kuziba DC-SIGN bado ni kazi ya maabara. Tena DC-SIGN ni mahali pa kushikia tu: mlango wenyewe wa VVU ni protini nyingine za juu ya seli, CD4 pamoja na CCR5 au CXCR4, na dawa ya maraviroc, inayoziba CCR5, iliidhinishwa Marekani mwaka 2007.

Asikuuzie mtu kidonge cha "kuziba sukari ya virusi". Kinga ya VVU iliyothibitishwa ni kondomu, PrEP (dawa za kujikinga kabla ya kuambukizwa) kwa asiye na maambukizi, na ARV (dawa za kufubaza VVU) kwa anayeishi navyo. Anayetumia ARV vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo, na akadumu hivyo, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana.