Sayansi haianzi na ushahidi mtupu

Kuna kauli watu wameizoea toka shuleni, eti sayansi haina dhana yoyote ya awali, ni data tu halafu jibu. Sio kweli, na kusema hivi sio kuishusha sayansi hata kidogo.

Chukua sayari ya Uranus. Karne ya 19 ilikuwa haipiti pale hesabu za Newton, za kanuni yake ya mvutano, zilipotaka ipite, sasa ungefuata ushahidi tu si ungesema basi Newton kakosea? Le Verrier, mwanahisabati na mwanaastronomia wa Ufaransa, hakusema hivyo, alishikilia kwamba kanuni ni ile ile popote angani, kwa hiyo lazima kuna kitu hatukioni kinaivuta, akapiga hesabu, na Septemba 1846 mwanaastronomia Galle kule Berlin akaelekeza darubini akaikuta sayari ya Neptune, chini ya digrii moja kutoka pale alipoambiwa. Stori tamu sana, ila wengi wanaishia hapo.

Maana 1859 Le Verrier huyo huyo akaona Utaridi nayo, ile iliyo karibu zaidi na jua, inakengeuka kidogo, akasema basi kuna sayari nyingine imejificha, ikaitwa Vulcan, watu wakaitafuta miaka na miaka, haipo. Safari hii kanuni yenyewe ndo ilikuwa na kasoro, Einstein akalionyesha hilo 1915.

Uamuzi wa kulaumu sayari isiyoonekana au kulaumu kanuni haukutoka kwenye darubini. Na Einstein naye alichukulia kwamba kanuni zake ni zile zile kila mahali, jana na kesho, wakati mwanafalsafa Hume alishaonyesha karne ya 18 kwamba hilo huwezi kulithibitisha kwa yaliyopita bila kulikubali kwanza.