Uzamili wa sheria haukufanyi wakili

Hapa Nairobi nimewasikia wahandisi, wahasibu hata wauguzi wakisema: “Nina digrii tayari, nitasoma uzamili wa sheria miaka miwili, kisha niapishwe kuwa wakili.” Sivyo, na inauma kumwona mtu akilipa karo kwa matumaini hayo.

Kenya, njia ya uwakili huanzia kwenye shahada ya kwanza ya sheria, ambayo kwa kawaida ni miaka 4. Baada yake ni Chuo cha Sheria cha Kenya kule Karen, mitihani, miezi 6 ya kujifunza kazi chini ya wakili mzoefu, ndipo unaapishwa mbele ya Jaji Mkuu. Uzamili hauzibi pengo la shahada hiyo, hata ukiupata kwa alama za juu kabisa.

Nadhani mkanganyiko unatoka Uingereza. Tangu 2021, mwenye digrii ya fani yoyote anaweza kufanya mitihani ya usolisita (aina ya uwakili) kule, akamilishe na miaka 2 ya kazi. Utaratibu huo ni wao.

Je, uzamili hauna faida? Unayo, tena kubwa. Mhandisi anayesoma sheria ya mazingira atazielewa leseni na mikataba anayoshughulika nayo kila siku. Ila hataweza kumwakilisha mteja mahakamani, wala kumwandalia hati za kuhamisha ardhi. Sheria ya Mawakili inakataza. Anayeutaka uwakili hasa aombe shahada ya kwanza ya sheria. Digrii aliyo nayo inaweza kumfungulia mlango huo.