Uwezo wa taifa kulinda afya ya mimea hauishii kwenye semina

Maofisa wa kilimo wakimaliza semina na kupewa vyeti, taarifa hutoka kwamba nchi "imejengewa uwezo wa kulinda afya ya mimea". Maabara ikipokea hadubini mpya, husemwa hivyohivyo. Usemi huu umezoeleka mno, na una madhara: ukishatamkwa, hakuna anayeuliza kilichobaki.

Maana yenyewe ni fupi. Nchi wanachama wa Mkataba wa Kimataifa wa Ulinzi wa Mimea, uliopitishwa mwaka 1951 chini ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), zinauelewa uwezo huu kuwa ule wa watu, taasisi na mifumo ya nchi wa kutekeleza majukumu yake kwa ufanisi na kwa kudumu, ili kukinga mimea na mazao dhidi ya visumbufu na kurahisisha biashara. Visumbufu ni wadudu, vimelea vya magonjwa, magugu na viumbe wengine wanaodhuru mimea.

Semina inawagusa watu. Taasisi na mifumo je?

Tuseme mkaguzi wa mpakani, aliyefundishwa vizuri kabisa, anakuta funza ndani ya shehena ya matunda. Je, sheria inamruhusu kuizuia, kuirudisha au kuiteketeza? Kama hairuhusu, mwenye mali atakwenda mahakamani na atashinda. Gharama za kuhifadhi na kuteketeza analipa nani? Sampuli ikifika maabara, vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vipo, au viliisha pamoja na mradi wa mfadhili? Na vipo vielelezo vya kumlinganisha funza huyo navyo?

Hili la utambuzi hupuuzwa sana. Mwaka 2003 nzi mgeni wa matunda aligunduliwa Kenya. Mwaka 2005 wataalamu walimwandika kuwa spishi mpya, Bactrocera invadens. Ilipofika 2015 wakahitimisha kwamba ni yuleyule Bactrocera dorsalis wa Asia, aliyejulikana tangu zamani. Masharti ya kuingiza matunda huandikwa kwa majina ya visumbufu, hivyo jina halibaki suala la wasomi peke yao. Linaamua shehena gani ipite na ipi izuiwe. Kufikia jibu la namna hiyo kunahitaji mikusanyo ya vielelezo, kumbukumbu zilizotunzwa na wataalamu wa nchi mbalimbali wanaoshirikiana kwa miaka. Cheti cha kozi hakiwezi kubeba yote hayo.

Kazi ngumu kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kusema "kisumbufu hiki hatuna" na kuaminiwa. Mnunuzi anapouliza, kuna tofauti kubwa kati ya "hatujawahi kumwona" na "tumemtafuta, hayupo". Jibu la pili linadai mitego, ziara za mashambani msimu baada ya msimu, tarehe, mahali, na jina la aliyethibitisha. Mkataba una viwango vyake kuhusu mambo haya: namba 6 juu ya ufuatiliaji wa visumbufu, na namba 8 juu ya namna ya kuamua kama kisumbufu kipo nchini au hakipo. Nchi isiyo na kumbukumbu hizo inaweza kunyimwa soko hata kama mashamba yake ni masafi, na hasara inamwangukia mkulima ambaye hakukosea lolote.

Ndiyo maana chombo cha mkataba huo cha kutathmini uwezo, ambacho nchi hukitumia kujipima yenyewe, hakijifungi kwenye maabara na mafunzo. Kinachunguza pia sheria za nchi, dhamira na muundo wa shirika la kitaifa la ulinzi wa mimea, na rasilimali zake. Nayaona hayo kuwa ya kwanza kabisa, kwa kuwa ofisa aliyefundishwa anaweza kuhamishiwa idara nyingine mwezi unaofuata akaondoka na ujuzi wake wote, ilhali sheria na fungu la bajeti hubaki palepale.

Kwa hiyo semina ikiisha, tuandike kwamba maofisa wamefundishwa. Ni habari njema, na ni ya kweli. Kisha tuulize vitendanishi vya mwaka ujao viko kwenye bajeti ya nani.