Jengo limebomolewa, picha zipo: kusoma kumbukumbu za uwandani za Bizanti

Kanisa la Kulala kwa Bikira Maria lililokuwa Nikea, mji wa Bizanti, yaani Dola la Roma la Mashariki, ambao leo unaitwa Iznik nchini Uturuki, liliharibiwa mwaka 1922 wakati wa vita vya Wagiriki na Waturuki. Miaka kumi kabla ya hapo, Mrusi mmoja, Nikolai Kluge, alikuwa amepiga picha za mozaiki (michoro iliyoundwa kwa vipande vidogo vya rangi) zilizopamba sehemu ya madhabahu. Mwaka 1959 mtaalamu wa Marekani, Paul Underwood, alichapisha utafiti uliotokana na kuzichungua picha hizo, akaonyesha kwamba pale aliposimama Bikira Maria palikuwa pamebadilishwa mara mbili.

Alijuaje? Vipande vya mozaiki hukandamizwa kwenye lipu mbichi. Fundi akitaka kubadilisha sehemu, hutindua lipu ya zamani na kupaka mpya, na lipu mbili zinapokutana hubaki mshono. Safu za vipande hukatika, dhahabu ya upande huu haifanani na ya upande ule. Picha za Kluge zina mshono unaomzunguka Bikira Maria, na zina pia alama ya msalaba ambao nafasi yake ilikuja kujazwa dhahabu. Mfuatano ni huu: kwanza Maria, halafu msalaba, zama za kupinga sanamu takatifu katika karne ya 8 na ya 9, halafu Maria tena, sanamu ziliporuhusiwa mwaka 843. Yote hayo yamesomwa kwenye picha za jengo ambalo huwezi tena kuingia.

Kumbukumbu za uwandani ni kila alichorudi nacho mpimaji au mchunguzi: madaftari ya vipimo, michoro ya penseli, karatasi za kunakilia, negativu (filamu au vioo ambamo picha husafishwa), barua, hata hesabu za malipo ya mafundi. Kwa majengo ya Bizanti, hazina mojawapo kubwa iko Dumbarton Oaks, Washington, taasisi iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Harvard. Huko ndiko ziliko nyaraka za timu ya Thomas Whittemore, iliyoanza kufunua mozaiki za Hagia Sophia, kanisa kuu la zamani lililogeuzwa msikiti mjini Istanbul, mwaka 1931. Nyingine iko katika Shule ya Uingereza ya Athens: michoro na picha za wasanifu majengo vijana waliozunguka Ugiriki na nchi jirani kuanzia mwisho wa miaka ya 1880.

Miongoni mwa waliofuata alikuwamo Walter George. Mwaka 1909 alichora kwa rangi za maji mozaiki za Basilika ya Mtakatifu Demetrio, Thesalonike, ambazo hazikuwa zimemaliza hata miaka mitatu tangu zitolewe chini ya lipu. Moto uliounguza mji huo mwaka 1917 ukateketeza nyingi kati ya hizo. Picha za kamera za wakati ule hazina rangi. Za George zinazo. Lakini mkono wa mchoraji hunyoosha kilichopinda na kukamilisha kilichovunjika hata asipokusudia, kwa hiyo atakayetumia moja na kuiacha nyingine atakosea. Zisome pamoja.

Swali la kwanza mbele ya picha yoyote ni lini ilipigwa, na tarehe iliyoandikwa nyuma mara nyingi ni ya siku iliposafishwa au kununuliwa. Jengo lenyewe husaidia. Ndani ya Hagia Sophia zimetundikwa mbao nane kubwa za mviringo zenye maandishi ya Kiarabu, kila moja ikiwa na kipenyo cha takriban mita 7.5, zilizowekwa katika ukarabati wa miaka ya 1847 hadi 1849. Jengo lilipofanywa makumbusho katika miaka ya 1930 ziliteremshwa, na baadaye zikarudishwa mahali pake. Ukiona picha ya ukumbi mkuu bila mbao hizo, umeshapata kipindi chake bila kuuliza mtu.

Swali la pili ni kama picha haijageuzwa. Negativu ya kioo ikisafishwa kwa upande usiofaa, kushoto huwa kulia, na mtafiti hujikuta akieleza ukuta wa kaskazini kana kwamba ni wa kusini. Tafuta maandishi ya Kigiriki popote kwenye picha. Herufi K na E zikitazama kushoto, geuza.

Michoro ina mtego wake. Robert Van Nice alianza kuipima Hagia Sophia pamoja na William Emerson mwaka 1937, na sehemu ya kwanza ya michoro yake haikuchapishwa hadi 1965. Ya pili ilitoka 1986. Wengine humwona alichelewa mno. Mimi naona alifanya sawasawa, kwa sababu jengo lile halina mstari ulionyooka wa kukupunguzia kazi. Kuba la kwanza lilianguka mwaka 558, lililofuata likabomoka upande wa magharibi mwaka 989 na upande wa mashariki mwaka 1346, na lililopo leo ni kazi ya vipindi hivyo vitatu vilivyoungwa pamoja; hata duara lake si kamili. Ukiona mchoro wa zamani unaoonyesha kuba lenye duara safi, mchoraji alipima pande chache na nyingine akajaza kwa bikari. Daftari la vipimo ndilo litakaloeleza zipi ni zipi, kwa hiyo usiridhike na mchoro uliochapishwa kama daftari lipo.

Unapotafuta, jaribu majina yote. Kanisa la Chora mjini Istanbul limeorodheshwa pia kama Kariye Camii, na mtunza orodha wa mwaka 1950 hakukufikiria wewe.

Ukifika chumba cha kusomea, usipange upya karatasi za ndani ya sanduku hata kama zinaonekana zimechanganyika: picha iliyokaa kati ya barua mbili inaweza kupata tarehe yake kutoka kwenye barua hizo. Filamu inayonuka siki imeanza kuoza. Mwite mhudumu, aipeleke kwenye baridi na kuitenga na nyingine. Ukiruhusiwa kupiga picha, piga na mgongo wa kila picha, na kingo zote bila kukata. Pembeni ndipo huonekana kipimio, ngazi, au namba iliyokwaruzwa kwenye kioo, na namba hiyo ndiyo utakayoitafuta kwenye daftari.