Damu ya mzazi ipimwe, isikisiwe

Kanga ya mzazi aliyetoka kujifungua hunywa damu bila kusema imekunywa kiasi gani. Kwa miaka mingi wodini tumekadiria kwa macho: mkunga anatazama kanga, makintoshi (shuka ya mpira) na ndoo iliyo chini ya kitanda, kisha anaandika "mililita 300". Mara nyingi iliyotoka ni zaidi. Mwishoni mwa ujauzito, zaidi ya nusu lita ya damu hupita kwenye mfuko wa uzazi kila dakika. Mfuko huo ukilegea baada ya mtoto kutoka, muda wa kukisia haupo.

Utafiti wa E-MOTIVE, uliotoa matokeo mwaka 2023, ulifanyika katika hospitali za Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini, kwa wanawake zaidi ya 210,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Haukuleta dawa mpya hata moja. Uliwapa wakunga plastiki ya kumtandikia mzazi, yenye mfuko uliochorwa alama za mililita. Damu ikifika 500, au 300 huku mapigo ya moyo au presha vikionyesha hatari, mkunga anaanza papo hapo: anakanda mfuko wa uzazi, anampa mama oksitosini ya kukaza mfuko huo na asidi ya traneksamiki ya kusaidia damu igande, anamtundikia dripu, anakagua kama kuna mchaniko au kipande cha kondo kilichobaki. Yote ndani ya dakika 15.

Zamani tulijaribu kimoja tukangoja, kikishindwa ndipo tukashika kingine, na traneksamiki mara nyingi ilikuja mwisho kabisa. Kungoja huko ndiko kulikotugharimu akina mama.

Katika hospitali zilizoendelea na utaratibu wa kawaida, kati ya wanawake 100 waliovuja damu kupita kiasi, 51 tu ndio waliogunduliwa. Kwenye utaratibu mpya waligunduliwa 93. Waliopata matibabu yote kwa pamoja walipanda kutoka 19 hadi 91 kwa kila 100. Na wazazi waliopoteza lita moja au zaidi, kupasuliwa tumbo au kufa kwa sababu ya damu walishuka kutoka asilimia 4.3 hadi 1.6 ya wote waliojifungua.

Plastiki ni sehemu nyepesi. Kazi kubwa ni kuhakikisha dawa zimepangwa kwenye trei moja, karibu na kitanda, na oksitosini imetunzwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 hata umeme unapokatika. Kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni mkunga wa zamu ya usiku kuwa na ruhusa ya kuanza matibabu bila kusaka saini ya daktari.

Nanyi ndugu, mwambieni mkunga mapema kama mama aliwahi kuvuja damu kwenye uzazi uliopita. Akisharuhusiwa kurudi nyumbani, pedi ikilowa yote ndani ya saa moja, au akianza kuona kizunguzungu, mrudisheni kituoni saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.