Saini ya mkataba wa kimataifa si sheria ya nchi

Katika vijiwe vya wavuvi, kuanzia Mikindani hadi Kilwa Kivinje, wengi huamini kwamba mkataba wa kimataifa ukishasainiwa huwa sheria hapa nchini papo hapo. Kwa kawaida saini huonyesha nia tu. Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inalipatia Bunge jukumu la kujadili na kuridhia (yaani kukubali rasmi nchi ifungwe nayo) mikataba inayohitaji kuridhiwa, na hata hapo bado hutakiwa sheria ya ndani. Mfano mzuri uko baharini kwetu: mkataba wa sheria ya bahari wa 1982 uliridhiwa 1985, ilhali sheria ya ukanda wa kiuchumi wa maili 200 za baharini, yaani eneo la bahari ambalo rasilimali zake ni haki ya nchi, ilitungwa 1989. Anayetaka kuhakiki aulize jina na mwaka wa sheria yenyewe, kisha aisome.